Mkonge: Mmea Usioogopa Jua

Ndugu msomaji, tembea kidogo kijijini kwenu mwezi wa Septemba. Majani ya malisho yamekauka, ng'ombe wanaonyesha mbavu, na mbuzi wanatafuna hata makaratasi. Shamba la mahindi limebaki mabua tu. Sasa tazama ukingoni mwa shamba hilo. Mkonge umesimama pale pale, majani yake yameelekea juu kama mikuki, rangi yake kijani, kama kwamba mvua ilinyesha jana.

Sisi tuliokua katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza tumeuzoea mno mmea huu, hata hatuuoni tena. Tunaupita tu. Tunaukumbuka pale tunapotaka kamba ya kufungia ndama, au mwiba wake unapotuchoma mguu. Lakini siku hizi watu wengi wametuuliza: Je, ni kweli mkonge una fedha? Je, tung'oe mahindi tupande mkonge? Maswali haya si ya kujibiwa haraka haraka. Mtu akikosea kupanda mchicha, hupoteza mwezi mmoja. Akikosea kupanda mkonge, hupoteza miaka. Basi tukae chini tulieleze jambo lenyewe.

UNAISHIJE BILA MAJI?

Kila jani la mmea lina vitundu vidogo sana, macho yetu hayawezi kuviona. Vitundu hivyo ni kama milango. Mmea huvifungua ili hewa iingie, kwa sababu mmea hutengeneza chakula chake kwa kutumia hewa, maji na mwanga wa jua. Taabu ni hii: mlango ukiwa wazi, hewa inaingia, lakini maji nayo yanatoka. Mahindi hufungua milango yake mchana, wakati jua ni kali. Ndiyo maana mahindi yakikosa mvua wiki chache tu, hujikunja na kufa.

Mkonge una akili nyingine. Wenyewe hufungua milango usiku, wakati wa baridi. Huvuta hewa, huigeuza kuwa uchachu fulani, na kuuweka akiba ndani ya jani. Jua likichomoza, unafunga. Mchana kutwa milango imefungwa, na ndani yake kazi inaendelea: ule uchachu wa usiku unatolewa na kupikwa kwa mwanga wa jua. Wataalamu wakipima maji ya jani alfajiri, huyakuta yana uchachu mwingi kuliko jioni. (Wewe usijaribu kupima kwa ulimi. Maji ya mkonge huwasha vibaya.)

Tena jani la mkonge limepakwa nta. Pitisha kidole juu yake utaona unga mweupe mweupe unabaki kidoleni. Nta hiyo huzuia maji yasipotee. Na ndani jani ni nene, ni kama mtungi. Mizizi yake haiendi chini sana, ila imetawanyika karibu na uso wa ardhi. Kwa hiyo hata manyunyu ya dakika chache, ambayo hayafiki kwenye mizizi ya mti, mkonge huyadaka.

Lakini bure ni ghali. Mmea unaofungua mlango usiku tu hula kidogo kidogo, na mmea unaokula kidogo hukua polepole. Mahindi utayavuna baada ya miezi minne. Mkonge utaukata kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu hivi. Tafadhali kumbuka neno hili, tutalirudia.

Mkonge una ndugu zake katika majangwa ya Mexico na kusini-magharibi ya Marekani. Ndugu mmoja anaitwa yuka. Naye ana majani kama mapanga na mwiba nchani, naye haogopi kiangazi. Wenyeji wa huko wamesuka kamba na viatu kwa nyuzi zake tangu kale, na mizizi yake waliiponda wakapata povu la kuogea. Maua ya yuka yana jambo la ajabu: yanategemea nondo mdogo mweupe kuyachavusha, na nondo huyo hutaga mayai yake ndani ya ua hilo hilo. Pasipo nondo, yuka hauzai mbegu, na pasipo yuka, nondo hana pa kulelea watoto. Msomaji asichanganye yuka huu na neno la Kispania linalofanana nalo. Wao huita muhogo hivyo hivyo, yuka, lakini muhogo ni mmea mwingine kabisa.

ULIFIKAJE KWETU?

Mkonge nao kwao ni Mexico. Wazungu wengi huuita sisal, na hilo ni jina la bandari ndogo katika rasi ya Yucatán. Nyuzi zilikuwa zikipakiwa melini hapo, basi watu wakaita bidhaa kwa jina la bandari.

Mwaka 1893, Mjerumani mmoja mtaalamu wa kilimo, jina lake Richard Hindorf, aliagiza vimche 1,000 kutoka Florida, Marekani, viletwe nchini. Safari ya meli ilikuwa ndefu, tena vilipitia Ujerumani kwanza. Vilivyofika Tanga vikiwa hai vilikuwa 62 tu. Vikapandwa karibu na Pangani. Sitini na viwili! Idadi ambayo mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuihesabu. Vikazaana, vikajaza mabonde na vilima vya Tanga, Korogwe, Muheza, mpaka Morogoro na Kilimanjaro.

Wasomaji wetu wazee hawahitaji kuhadithiwa yaliyofuata. Babu zetu walichukuliwa kutoka Kigoma, Tabora, Songea na Njombe, wengine wakatoka Rwanda, Burundi na Msumbiji, kwenda kukata mkonge. Waliitwa manamba, kwa kuwa mtu alipewa namba akahesabiwa kwa namba hiyo. Kazi ilikuwa ngumu na ujira ulikuwa mdogo. Wako waliorudi na baiskeli na blanketi, na wako ambao hawakurudi. Mtu akikuambia kwamba mkonge ulijenga reli na bandari, mkubalie, lakini mkumbushe nani aliukata.

Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 230,000 za mkonge kwa mwaka. Hakuna nchi iliyotushinda. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi yakawa mali ya umma. Lakini wakati huo huo kamba za plastiki zilikuwa zimeanza kuuzwa duniani kwa bei nafuu. Bei ya mkonge ikaanguka, mashamba yakaota vichaka, mitambo ikachakaa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mavuno hayakufika hata tani 30,000 kwa mwaka. Leo Brazil ndiyo ya kwanza. Sisi bado tumo miongoni mwa wakubwa, na tofauti na zamani, sasa wakulima wadogo nao wana mkonge wao. Wengine Korogwe wanalima katika ardhi iliyokuwa ya mashamba makubwa ya wageni.

TWENDE SHAMBANI

Watu husema mkonge unaota popote. Si kweli. Unavumilia ukame, lakini hauvumilii maji yaliyotuama. Sisi wenyewe tulifanya kosa hilo. Tulipata vimche vizuri, tukaona huruma kuvipeleka kwenye mchanga wa kichangani, tukavipanda bondeni penye udongo mweusi mzito, ule unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata wakati wa masika. Tulidhani tunavipendelea. Mwaka wa kwanza vilipendeza. Masika ya pili yakaja, maji yakakaa pale kama wiki tatu, shina likaanza kulainika na kunuka, ukivuta jani linatoka lote mkononi. Tulipoteza zaidi ya nusu. Vile vichache vilivyokuwa vimebaki tulivitupa juu kwenye mwinuko wa mawe. Hivyo ndivyo vilivyo hai.

Basi chagua mahali palipoinuka, maji yapite. Udongo wa kichanga unafaa, hata wenye changarawe. Penye mawe ya chokaa ni pazuri zaidi, maana mkonge hupenda chokaa. Ukiwa na majivu ya jikoni, nayo yana chokaa kidogo, yamwage pale badala ya kuyatupa jalalani. Mvua kama milimita 600 kwa mwaka inatosha. Chini ya hapo utaishi, lakini utakua kwa kuchechemea.

Mbegu unaipata wapi? Mkonge una njia mbili za kuzaa. Ya kwanza ni maotea, yaani watoto wanaochomoza kutoka ardhini kando ya mama. Ya pili ni vimche vidogo vinavyoota juu kwenye mlingoti, maua yanapokwisha kudondoka. Mlingoti mmoja unaweza kutoa vimche zaidi ya 1,000. Hivi vya mlingoti ndivyo bora kwa shamba, kwa sababu vinalingana ukubwa, na shamba lililolingana ni rahisi kulipalilia na kulikata. Maotea mengine makubwa, mengine madogo. Yanafaa zaidi kwa ua.

Chukua kutoka kwa mama mwenye afya. Hili tunalisisitiza, maana vimche ni sura ya mama yao kabisa. Mama mdhaifu, watoto wadhaifu. Katika kituo cha utafiti cha Mlingano, wilayani Muheza, wataalamu walichanganya aina mbili za mkonge wakapata chotara aitwaye 11648. Huyu hutoa majani mengi kuliko mkonge wa kawaida, na kingo za majani yake hazina miiba. Mashamba mengi ya Tanga yamepandwa huyo. Lakini ana ugonjwa wake, madoa ya majani ya Korogwe, unaoharibu singa. Ukiona mkonge wa chotara una madoa madoa yenye kovu majanini, usichukue mche hapo hata ukipewa bure. Bwana shamba wako au Bodi ya Mkonge wanaweza kukuelekeza penye miche safi.

Vimche vya mlingoti ni vidogo kama kidole. Usivipeleke shambani moja kwa moja, nyasi zitavimeza. Vipande kitaluni kwanza, kwa mistari, uvipalilie kwa mwaka mmoja hivi, mpaka vifike urefu wa kutoka kwenye vidole vyako hadi kwenye kiwiko. Hapo ving'oe, punguza mizizi na majani ya chini yaliyozeeka, na uviache kivulini. Hata vikikaa siku kadhaa bila udongo havifi. Kumbuka vile 62 vilivyovuka bahari.

Panda kabla mvua hazijaanza au mwanzoni mwake. Usifukie sana. Shina likizama, udongo huingia katikati kwenye moyo wa mche, na moyo ukioza mche umekufa. Funika mizizi tu, kanyaga kwa mguu usimame imara.

Nafasi ni hivi. Panda mistari miwili miwili. Kati ya mstari na mwenzake acha mita moja. Kati ya mche na mche acha sentimita 80. Halafu baada ya mistari miwili acha njia pana ya mita nne, ndipo uanze mistari mingine miwili. Ukipanda hivyo, eka moja inaingia miche kama 2,000. Wengine wanaona njia ya mita nne ni kupoteza shamba. Hapana! Miaka miwili ya kwanza njia hiyo ndiyo itakayokulisha. Panda humo kunde, choroko au maharage. Unapopalilia kunde, mkonge nao unapaliliwa. Mikunde tena hurutubisha ardhi. Mkonge ukishakua, njia hiyo ni ya kupitia wewe na mkokoteni, la sivyo utatoka humo umechanika.

Palizi ndiyo kazi kubwa. Mkonge mchanga unashindwa na nyasi kuliko unavyoshindwa na jua. Ukiacha nyasi ziufunike miaka miwili ya mwanzo, hautakufa, lakini utadumaa, na utangoja miaka mitano badala ya mitatu. Mtu mwingine anaona mkonge wa ukingoni unaishi bila palizi, anadhani wa shambani nao vivyo hivyo. Wa ukingoni haukatwi kila mwaka. Hiyo ndiyo tofauti.

Mdudu wa kuangalia ni fukusi wa mkonge. Ni mweusi, ana mdomo mrefu kama bomba. Hutaga kwenye mashina yaliyooza, na watoto wake hutoboa shina la mche mchanga. Mashina makuukuu yaliyokwisha toa mlingoti ndiyo nyumba yake. Yang'oe, yapasue, yaanike juani.

UA NA MPAKA

Hata kama hutaki kuuza singa hata kilo moja, mkonge unakufaa kwa ua. Ng'ombe hapiti. Ua wa minyaa ni mzuri pia, lakini utomvu wa minyaa ukiingia jichoni ni msiba. Mkonge nao una hatari yake, ule mwiba wa nchani uko sawasawa na macho ya mtoto wa miaka minne. Kwa hiyo penye njia ya watoto, na karibu na mji, pita na kisu ukate nchani mwa kila jani. Dakika moja kwa kila mkonge.

Kwa ua panda mistari miwili ya kupishana, mche hadi mche nusu mita. Baada ya miaka mitatu hakuna mbuzi atakayepenya.

Sasa tuseme jambo ambalo watu hulinyamazia. Mkonge hutembea. Ukiupanda mpakani leo, baada ya miaka kumi hauko pale ulipoupanda. Mama anakufa, maotea yanachomoza hatua moja upande huu, hatua moja upande ule. Mwenye shamba akipalilia upande wake tu na kung'oa maotea ya kwake, mpaka unahamia kwa jirani, au jirani akifanya hivyo, unahamia kwako. Hakuna aliyeiba, ni mkonge umetembea. Lakini tumeona ndugu wa tumbo moja wamefikishana kwenye baraza la ardhi la kata kwa ajili ya hatua tatu za namna hii, kila mmoja anaapa kwamba mkonge ule ulipandwa na baba na haukuguswa. Wote wawili walisema kweli.

Dawa yake ni rahisi. Mnapopanda mkonge mpakani, zikeni na mawe makubwa kwenye pembe, mbele ya majirani. Mkonge uwe ua, jiwe liwe mpaka. Na kila mwaka, baada ya mavuno, jirani zote mbili zing'oe maotea pamoja.

KUKATA

Mkonge unakuwa tayari pale majani ya chini yanapoanza kulala kuelekea ardhini, na urefu wake umepita kiuno cha mtu mzima kidogo. Kata hayo ya chini tu. Yaliyo katikati, yanayosimama, uyaache. Wakataji wazoefu huacha majani yasiyopungua 20 juu ya kila mkonge, na katika mkato wa kwanza 25. Ukiwa na tamaa ukakata mpaka juu, mkonge hauna tena la kupikia chakula, utakaa mwaka mzima unajiuguza. Kata mara moja kwa mwaka.

Kwanza ondoa mwiba, halafu kata karibu na shina. Mashambani hufunga mafungu ya majani 30. Vaa nguo ya mikono mirefu, funga kitu miguuni. Maji ya mkonge yakikauka mwilini utajikuna usiku kucha.

Mkonge mmoja wa kawaida huishi miaka saba mpaka kumi na kidogo, na kwa maisha yake yote utakupa majani kama 200 hadi 250. Kila jani lina nyuzi kama 1,000. Nyuzi hizo ndizo zinazoitwa singa.

Jani lililokatwa halingoji. Likikaa zaidi ya siku mbili, maji yanakauka, nyama ya jani inashikamana na singa, na singa yenyewe inabadilika rangi. Kata kiasi unachoweza kukwangua leo na kesho.

Nyumbani tunakwangua hivi. Pasua jani vipande vyembamba kwa urefu. Weka kipande juu ya ubao, bana kwa kisu butu au kipande cha chuma, halafu vuta kwa nguvu. Ile nyama ya kijani inabaki, singa zinatoka. Rudia upande wa pili. Osha mara moja, anika juani siku hiyo hiyo juu ya waya au kamba, si juu ya udongo. Jioni ziwe zimekauka, nyeupe kama maziwa yaliyopoa. Singa iliyolala imelowa hugeuka njano.

Wako wanaovundika majani majini siku nyingi mpaka nyama ioze yenyewe. Kazi inapungua, lakini singa zinakuwa hafifu, na maji yale ni sumu kwa samaki. Usivundike kisimani wala kwenye lambo wanakonywa ng'ombe. Kuna vijiji vimegombana kwa sababu hiyo, na haki ilikuwa kwa wenye ng'ombe.

Kwa singa za mkono utasokota kamba, utasuka vikapu, mazulia ya mlangoni, hata magodoro. Akina mama wa Ukambani, Kenya, kiondo chao cha mkonge kimefika Ulaya na Marekani. Singa kidogo iliyosukwa vizuri huleta fedha kuliko mzigo wa singa tupu.

JE, TUPANDE EKA NZIMA?

Sasa ndipo tunapofika kwenye swali lenu. Chukua karatasi na kalamu, tuhesabu pamoja.

Jani la mkonge karibu lote ni maji na nyama. Katika kilo 100 za majani utapata singa kavu kilo nne hivi. Tuseme umekodi lori la tani tano kupeleka majani kiwandani. Tani tano ni kilo 5,000. Singa zilizomo ni kilo 200. Zile kilo 4,800 nyingine umelipia safari ya maji! Kiwanda kikiwa jirani, si kitu. Kikiwa mbali mwendo wa nusu siku, lori limekula mkonge wako wote kabla haujashuka.

Kwa hiyo swali la kwanza la mkulima wa mkonge si bei ya singa. Swali la kwanza ni: korona iko wapi? Korona ndiyo mashine inayokwangua majani. Mashamba ya Tanga yalijengwa kila moja na korona yake katikati, na hata kijireli cha kuleta majani. Si kwa fahari. Walikuwa wamefanya hesabu hii hii.

Kuna mashine ndogo za injini zinazoweza kufungwa kijijini. Zinasaidia, na vyama vya ushirika vinaweza kununua moja kwa watu wengi. Lakini tuseme wazi: zile ambazo mtu anashika jani kwa mkono akiingiza kwenye meno yanayozunguka ni za hatari sana. Huko Brazil, ambako zimetumika miaka mingi, watu wengi wamepoteza vidole na mikono. Ushirika wenu ukinunua, ulizeni kwanza juu ya kinga yake. Mashine isiyo na kinga msiikubali hata ikiwa nusu bei.

Na swali la pili: utakula nini miaka mitatu? Ardhi uliyoitia mkonge imefungwa kwa miaka kumi. Ukiitia eka yako ya chakula, mwaka wa njaa singa hazipikwi. Sisi maoni yetu ni haya. Mwenye eka mbili au tatu za chakula asiziguse, apande mkonge mpakani na kwenye sehemu ya mawe isiyolimika. Mwenye ardhi ya ziada, tena korona iko karibu na mnunuzi anajulikana, apande nusu eka kwanza. Vimche vya kuongeza atavipata mwenyewe shambani, haendi kununua. Kijiji chenye watu wengi wenye mkonge wa mpakani kinaweza kukusanya nguvu na kuzungumza na wanunuzi kwa sauti moja, jambo ambalo mtu mmoja mwenye kamba mbili za singa hawezi.

MLINGOTI UKITOKA

Siku moja utaona katikati ya mkonge wako mzee kitu kama shina la mnazi mwembamba kinachomoza. Kinakwenda juu kwa kasi, mpaka kinapita paa la nyumba, mita tano au sita. Huo ndio mlingoti. Mkonge umeweka akiba miaka yote, sasa unaitumia kwa mara moja. Utatoa maua, kisha vimche, halafu utakufa. Hakuna dawa ya kuuzuia, na wala si ugonjwa.

Usiukate mara uuonapo. Ngoja vimche vikomae mpaka vianze kudondoka vyenyewe ukitikisa. Tandika mkeka au turubai chini, tikisa, okota vilivyo vikubwa, vidogo viache. Mlingoti ukikauka, ukate. Ni mwepesi, mtu mmoja anaubeba begani. Unafaa kwa fito za paa la banda la kuku, ngazi, au uzio wa bustani. Mchwa wanaupenda mno, kwa hiyo usiuchimbie ardhini. Ufunge juu, mahali pakavu. Shina lililobaki ling'oe lote mwezi huo huo, kabla fukusi hajafika.